Mashini za mbio kwenye njia nyembamba

Chukua meta yako, upime nafasi iliyo katikati ya reli mbili, hapa Lubumbashi, Likasi, Kolwezi ao Kamina. Utapata meta 1 na milimeta 67. Kisha enda Ndola, Bulawayo, Kimberley, mpaka Cape Town kwenye bahari: hesabu ni ile ile. Si ajabu. Njia yetu ya reli ni mtoto wa njia ya Cape, na kipimo hicho kilichaguliwa kule kusini zaidi ya miaka 150 iliyopita, juu ya mawe ya almasi.

Wazee waliofanya kazi ya reli wanajua kwamba njia hii nyembamba haipendi mbio. Lakini, kabla ya mwaka wa 1900, mainjinia wa Cape walipewa kazi ngumu: kutengeneza mashini ya mvuke yenye kukimbiza wasafiri juu ya njia hii hii. Walifanya namna gani? Na mbio ile ilikuwa ya nani? Tuone, wasomaji wapendwa.

HATUA YA GURUDUMU

Watu wengi wanasema: «Mashini inakimbiaka sababu iko na nguvu.» Hapana, si nguvu peke yake. Ndani ya mashini ya mvuke, moto unachemsha maji katika tangi kubwa la chuma. Mvuke unasukuma pistoni, pistoni inasukuma chuma kirefu, na chuma hicho kinazungusha gurudumu. Pistoni ikienda na kurudi mara moja, gurudumu linazunguka mara moja. Basi, gurudumu likiwa kubwa, kila mzunguko unafika mbali zaidi. Ni kama baba mrefu anayetembea na mtoto wake: baba anapiga hatua moja, mtoto anapiga mbili.

Ndiyo sababu Wazungu wa wakati ule walipenda magurudumu makubwa kwa treni za mbio. Mwaka wa 1870, kule Uingereza, Patrick Stirling alitengeneza mashini yenye gurudumu la kuvuta la meta 2 na sentimeta 46, kupita urefu wa mtu. Kila mzunguko ulikuwa na meta karibu 7 na nusu hivi, hata zaidi kidogo.

Desturi hiyo ilikuwa imefika mapema katika makoloni. Mwaka wa 1855, mashini moja iliyotengenezwa Leeds ilipelekwa Uhindi kwa meli. Jina lake ni Fairy Queen. Gurudumu lake la kuvuta lilikuwa na meta 1 na sentimeta 83. Ilivuta treni nyepesi za posta toka Howrah, karibu na Kolkata, mpaka Raniganj, mahali wanapochimba makaa ya mawe. Njia ya kule Uhindi ilikuwa pana sana, meta 1 na milimeta 676, na inchi ya Bengal ni tambarare. Mashini ile ilitunzwa vizuri hata ikawashwa tena mwaka wa 1997 kuvuta watalii, wakati ilikuwa na miaka zaidi ya 140.

Lakini Fairy Queen ilikuwa na magurudumu mawili tu ya kuvuta, moja kila upande. Kwenye tambarare, hakuna neno. Kwenye mlima, magurudumu mawili yanateleza: yanazunguka bure na treni inabaki pale pale. Na Cape ni inchi ya milima.

ALMASI ZILICHAGUA NJIA

Reli ya kwanza ya Cape ilifika Wellington mwaka wa 1863. Upana wake ulikuwa meta 1 na milimeta 435, sawa na Uingereza. Kama mambo yangebaki hivyo, pengine njia yetu ya Katanga ingekuwa pana pia. Lakini kuanzia mwaka wa 1867 watu waliokota almasi mbali ndani ya inchi, na mwaka wa 1871 wakaanza kuchimba pale Kimberley. Toka bahari mpaka kwenye mashimo yale ni zaidi ya kilometa 1,000, na magari ya ng'ombe yalichukua majuma mengi kufika.

Serikali ya Cape ikaona kwamba lazima reli ipande milima. Kati ya mwaka wa 1872 na 1873, ikakubali kipimo cha meta 1 na milimeta 67. Sababu gani? Juu ya feza. Njia nyembamba inaweza kupinda sana pembeni ya mlima, kwa hiyo unachimba mawe kidogo, unajenga madaraja mafupi, unatumia chuma chepesi. Kwenye mlima wa Hex River, reli ilipanda meta 1 kwa kila meta 40. Kwa mtu wa miguu hiyo si kitu. Kwa treni ni mateso.

Tarehe 28 mwezi wa 11, 1885, treni ikafika Kimberley. Mwaka ule ule, makampuni ya almasi yalianza kufunga wafanyakazi weusi ndani ya kambi zenye ukuta, bila ruhusa ya kutoka mpaka siku za mkataba ziishe. Tukumbuke mambo haya mawili pamoja: mwaka mmoja, mji mmoja. Kwa mwenye hisa, Kimberley ilikuwa imekaribia bahari. Kwa mchimbaji, hata sokoni pa jirani palikuwa mbali.

Mwaka uliofuata, 1886, dhahabu ikapatikana kule Johannesburg. Treni ya Cape ilifika huko mwaka wa 1892. Njia za Natal na za bandari ya Lourenço Marques, inayoitwa leo Maputo, zilikuwa zinajengwa pia kwenda kwenye dhahabu ile ile. Kwa hiyo kila reli ilitafuta wasafiri na mizigo. Cape, yenye njia ndefu kupita wengine, ilihitaji mashini bora.

MASHINI YA MWAKA WA 1893

Mashini hiyo ilichorwa katika atelie ya Salt River, Cape Town, chini ya Michael Stephens, mkubwa wa mashini zote za Cape, na H.M. Beatty, aliyesimamia kazi. Walichora mashini mbili kwa wakati mmoja, kama ndugu wawili. Moja, waliyoiita Aina ya 7, ni ya mizigo: magurudumu 8 ya kuvuta, madogo, ya meta 1 na sentimeta 8 hivi. Nyingine, Aina ya 6, ni ya wasafiri: magurudumu 6 ya kuvuta, ya meta 1 na sentimeta 37.

Tazama akili ya kazi hii. Hawangeweza kuweka gurudumu kubwa kama la Stirling. Gurudumu kubwa linainua tangi la maji juu sana, na kitu kirefu kilichosimama juu ya njia nyembamba kinaanguka kwenye kona. Tena, magurudumu mawili yangeteleza kule Hex River. Basi wakachagua katikati: gurudumu la kadiri, lakini sita, yaliyofungwa pamoja kwa vyuma ili yote yashike reli. Mbele wakaweka magurudumu manne madogo yasiyovuta. Kazi yake ni kuongoza: yanaingia kwenye kona kwanza na kuvuta pua ya mashini polepole, mwili mzito ufuate bila kuruka reli.

Hesabu kidogo kwa wanafunzi. Gurudumu la meta 1 na sentimeta 37 linaenda meta 4 na sentimeta 30 kwa kila mzunguko. Treni ikikimbia kilometa 60 kwa saa, ni meta 1,000 kwa kila minuti moja. Mashini ya Cape inapaswa kuzunguka zaidi ya mara 230 ndani ya minuti hiyo. Mashini ya Stirling inazunguka karibu mara 130 tu. Hivyo, kwa mbio ile ile, pistoni za Cape zilifanya kazi karibu mara mbili. Chuma kinapata moto, mafuta yanaisha upesi, boliti zinalegea. Mashinisti aliyesahau kutia mafuta hakufika mbali.

Kampuni ya Dübs kule Glasgow, Uskoti, ilitengeneza mashini 40 za Aina ya 6 katika mwaka wa 1893 na 1894. Zilipendwa, na Cape ikaagiza nyingine za aina hiyo tena na tena. Zingine zilifanya kazi zaidi ya miaka 60: kwanza treni za mbio, kisha treni za vijijini, mwisho kusukuma vagoni ndani ya gare. Ni kama mfanyakazi mzuri anayepewa kazi nyepesi siku za uzee wake.

MASHINI NZURI, LAKINI MENGINE JE?

Mashini ya mbio haitoshi. Jangwa la Karoo halina maji, na mashini ya mvuke inakunywa kupita ng'ombe. Kila mara ilibidi kusimama: maji, makaa, kusafisha majivu. Wasafiri nao walisimama kula. Mskoti mmoja, James Logan, alijenga kijiji cha Matjiesfontein katika Karoo na kutajirika kwa kulisha watu wa treni. Kisha waziri aliyesimamia reli, James Sivewright, rafiki yake, akampa mkataba wa chakula kwa reli yote ya serikali bila kuita wafanyabiashara wengine washindane. Mawaziri wenzake watatu walikataa, na mwaka wa 1893 serikali ya kwanza ya Cecil Rhodes ikaanguka juu ya mkataba ule. Mashini mpya kutoka Glasgow, na undugu wa zamani ndani ya ofisi, mwaka ule ule mmoja!

Jambo lingine ni freni. Kukimbia ni rahisi, kusimama ni kazi. Mwaka wa 1889, karibu na mji wa Armagh, Ireland, treni iliyojaa watoto wa mafundisho ya dini waliokwenda matembezi ilishindwa kupanda mlima. Wakaikata vipande viwili. Kipande cha nyuma kikateremka peke yake mpaka kikagonga treni iliyofuata, na watu 80 wakafa. Mwaka ule ule, Uingereza ilitoa sheria: kila treni ya wasafiri iwe na freni inayofika kwenye vagoni zote, na inayojifunga yenyewe kama vagoni zikikatika. Reli ya Cape pia ilitumia freni ya namna hiyo, ya kunyonya hewa. Mpira ukipasuka, hewa inaingia, na magurudumu yote yanashikwa.

Sisi wa Katanga hatuwezi kusoma habari ya Armagh kama hadithi ya mbali. Tarehe 10 mwezi wa 3, 2022, treni ya mizigo ilianguka kwenye mlima huko Buyofwe, katika Lualaba. Watu walikuwa wamepanda juu ya vagoni, kama wengi wanavyofanya wakati treni za wasafiri ni haba. Karibu 75 wakafa. Zaidi ya miaka mia moja kabla yake, watu wa reli walijua tayari kwamba vagoni ya mizigo na vagoni ya wasafiri ni vitu viwili, na kwamba mlima hausamehe.

MBIO YA NANI?

Treni ya mbio ya Cape ilikuwa na vagoni za kwanza, za pili na za tatu. Viti vya ngozi vilikuwa vya wenye feza. Mchimbaji mweusi alipanda ya tatu, juu ya mbao, na mara nyingi katika treni iliyosimama kila mahali. Mashini ilikuwa moja. Safari hazikuwa moja.

Hata katika inchi yetu ilikuwa hivyo. Reli ya Matadi mpaka Léopoldville, iliyojengwa toka 1890 hata 1898, ilikuwa nyembamba zaidi kuliko ya Cape. Treni yake ilisafiri mchana tu, siku mbili, na wasafiri walilala Thysville, ndiyo Mbanza-Ngungu ya leo. Hesabu rasmi ilisema kazi hiyo iliua watu weusi 1,800 na Wazungu 132. Siku mbili zile zililipwa bei kali na watu ambao hawakupata tikiti.

Na njia ya Cape ikaendelea kupanda: Bulawayo mwaka wa 1897, daraja la Victoria Falls mwaka wa 1905, Broken Hill, ndiyo Kabwe, mwaka wa 1906, Sakania mwaka wa 1909, Élisabethville mwaka wa 1910. Almasi, dhahabu, risasi, shaba. Kila mara reli ilifuata jiwe kwanza, mtu nyuma.

Wale wa Salt River walituonyesha kwamba njia nyembamba si sababu ya kukata tamaa. Ukijua mlima wako, kona zako na maji yako, unaweza kutengeneza mashini inayofaa. Lakini wao walitengeneza vilevile treni kwa ajili ya wasafiri, wakahesabu magurudumu yake na freni zake kwa ajili ya wasafiri. Jiwe linaweza kungoja kwenye gare. Mama mwenye mtoto mgongoni anahitaji vagoni yenye mlango na freni.

Maswali ya kuzungumza nyumbani

1. Nani katika jamaa yetu alifanya kazi ya reli? Tumuulize: freni za treni zilipimwa namna gani kabla ya kuondoka?
2. Tukisafiri, ni nini kinachotusukuma kupanda juu ya vagoni ya mizigo? Tunaweza kufanya nini pamoja na majirani ili watoto wetu wasifanye hivyo?
3. Watoto wapige hesabu: gurudumu la meta 1 linazunguka mara ngapi toka nyumbani mpaka kwenye masomo?