Panga la ajira Meta: Mshahara na akiba visikae chungu kimoja

KAMPUNI kubwa inapotangaza kwamba itapunguza wafanyakazi, watu wa aina mbili hukosa usingizi usiku huo huo. Mwenye ajira hajui kama jina lake limo kwenye orodha. Mwenye hisa hajui kama auze au ashikilie. Wapo pia walio vyote viwili: mshahara wao unatoka kwenye kampuni hiyo, na akiba yao iko kwenye hisa za kampuni hiyo hiyo. Hao ndio wenye mengi ya kupoteza.

Mfano unaofaa kuchunguzwa ni ule wa kampuni ya Meta ya Marekani, inayomiliki Facebook, Instagram na WhatsApp. Kati ya Novemba 2022 na Mei 2023 kampuni hiyo iliondoa watu kwa maelfu na kwa awamu, huku bei ya hisa zake ikipanda. Yaliyotokea yana funzo kwa mfanyakazi, kwa mwekezaji mdogo, na hata kwa mfanyabiashara anayeuza bidhaa au huduma kwa kampuni kubwa ya aina yoyote.

CHANZO CHA TATIZO

Wakati wa janga la korona watu walikaa majumbani na biashara ya mtandaoni ikapanda kwa kasi. Uongozi wa Meta uliajiri kwa kuamini kwamba kasi hiyo ingedumu. Mwishoni mwa 2019 kampuni ilikuwa na wafanyakazi 44,942. Mwishoni mwa 2021 walifika 71,970, na kufikia Septemba 30, 2022 walikuwa 87,314. Kwa muda usiofika miaka mitatu idadi ilikaribia kuwa mara mbili.

Mapato hayakuwafuata. Mwaka 2021 Meta iliingiza dola bilioni 117.9, mwaka 2022 ikaingiza bilioni 116.6. Faida halisi ilishuka kutoka dola bilioni 39.4 hadi bilioni 23.2. Wakati huo huo kitengo chake cha Reality Labs, kinachotengeneza vifaa vya kuvaa machoni na programu zake, kilipata hasara ya uendeshaji ya dola bilioni 13.7 kwa mwaka 2022 peke yake.

Soko lilikuwa limekwisha kutoa hukumu yake. Hisa moja iliyofunga kwa dola 382 Septemba 2021 ilianguka kwa asilimia 26 kwa siku moja, Februari 3, 2022. Novemba 3, 2022 ilifunga chini ya dola 89.

Siku sita baadaye, Novemba 9, Mtendaji Mkuu Mark Zuckerberg alitangaza kwamba watu zaidi ya 11,000 wangeondoka, sawa na asilimia 13 ya wafanyakazi wote.

MASHARTI YA KUONDOKA

Kwa waliokuwa Marekani, malipo yalitangazwa siku hiyo hiyo. Kila aliyeondolewa angelipwa mshahara wa wiki 16, na wiki mbili za ziada kwa kila mwaka aliotumikia. Bima ya afya ingeendelea kwa miezi sita kwa mfanyakazi na familia yake. Hisa zilizokuwa zimepangwa kukabidhiwa Novemba 15 zingetolewa.

Kwa hesabu hiyo, mtu aliyetumikia miaka mitano alipata wiki 26, yaani nusu mwaka wa mshahara. Kwa viwango vya soko la ajira la Marekani hicho si kifuta jasho kidogo. Hata hivyo, fedha hizo zilikuwa na saa inayohesabu. Januari 2023 Amazon ilitangaza kupunguza watu zaidi ya 18,000, Microsoft 10,000 na Google 12,000. Aliyetoka Meta akitafuta kazi ya aina ile ile aliwakuta wenzake wamejaa kwenye foleni moja.

Kwa wageni waliokuwa Marekani kwa viza ya kazi aina ya H-1B, muda ulikuwa mfupi zaidi. Sheria huwapa hadi siku 60 baada ya ajira kukoma wapate mwajiri mwingine, wabadilishe hadhi yao ya uhamiaji, au waondoke nchini. Mtu wa namna hiyo anaweza kuwa na fedha za miezi sita lakini akawa na siku 60 tu za kupata mwajiri mwingine.

KUSUBIRI KUNAGHARIMU

Machi 14, 2023 Meta ilitangaza awamu ya pili: watu wengine wapatao 10,000 wangeondoka, na nafasi 5,000 zilizokuwa wazi zisingejazwa. Safari hii ilitolewa ratiba. Idara ya kuajiri ingejulishwa mara moja, idara za ufundi mwishoni mwa Aprili, na idara za biashara mwishoni mwa Mei.

Ratiba hiyo ilikuwa na pande mbili. Upande mmoja, kila mtu alijua tarehe yake. Upande wa pili, mfanyakazi wa idara ya biashara alikaa zaidi ya miezi miwili akienda kazini kila asubuhi bila kujua kama yumo au hayumo. Kodi ya nyumba haikusubiri, wala ada ya shule.

Katika hali hiyo watu wengi hupoteza nguvu kwa swali lisilo na jibu: je, jina langu limo? Hakuna mkuu wa idara anayeruhusiwa kujibu, na uvumi wa koridoni haulipi deni. Yapo mambo mengine ambayo majibu yake yanapatikana siku hiyo hiyo kwa karatasi na kalamu. Akiba ya fedha taslimu iliyopo, ikigawanywa kwa matumizi ya lazima ya mwezi, inatosha miezi mingapi? Malipo ya kuondoka yatakuwa kiasi gani kwa miaka iliyotumikiwa? Bima inakoma lini? Hisa zinazofuata zinakabidhiwa tarehe ipi? Ni deni lipi linaweza kusogezwa mbele sasa, kabla benki haijasikia kwamba mshahara umekoma?

Chukua mfano wa mtu mwenye akiba ya dola 18,000 na matumizi ya lazima ya dola 4,500 kwa mwezi. Akiba yake ni ya miezi minne. Akipunguza matumizi hadi dola 3,600, akiba ile ile inakuwa ya miezi mitano. Mwezi huo wa tano ameupata bila kumwomba mtu, na ameupata kabla orodha haijatoka. Wahenga walisema mwenzako akinyolewa, zako tia maji.

MSHAHARA NA HISA

Kampuni za teknolojia za Marekani huwalipa wafanyakazi wao sehemu ya ujira kwa hisa, na hisa hizo hukabidhiwa kwa mafungu, mara nyingi kila robo mwaka. Mambo yakiwa mazuri, mfumo huu hutajirisha. Mambo yakiwa mabaya, humpiga mtu mara mbili kwa fimbo moja.

Tuseme mfanyakazi wa Meta alikuwa na hisa 100 alizozipokea wakati bei ikiwa dola 300. Kwenye karatasi alikuwa na dola 30,000. Mapema Novemba 2022 hisa hizo zilikuwa na thamani isiyofika dola 9,000, na wiki iliyofuata akaambiwa hana kazi. Mambo haya mawili hayakugongana kwa bahati mbaya. Yalitokana na chanzo kimoja: kampuni ilikuwa imeajiri na kutumia kuliko mapato yake yalivyokua, ndiyo maana hisa zikaanguka na ndiyo maana watu wakapunguzwa.

Atakayesema kwamba mtu huyo angengoja tu atakuwa na hoja. Mwishoni mwa 2023 hisa ya Meta ilifunga ikikaribia dola 354, na aliyeshikilia hisa zake 100 alikuwa na zaidi ya dola 35,000. Lakini faida hiyo ilikuwa ya yule aliyeweza kungoja. Aliyelazimika kuuza Novemba 2022 ili alipe kodi ya nyumba hakungoja hata mwezi mmoja, na alizitoa hisa zake kwa bei ya chini kuliko zote za miaka mingi.

Hapo ndipo lilipo funzo kubwa la Meta. Kinachomwezesha mtu kushikilia hisa wakati wa msukosuko ni fedha taslimu iliyowekwa mahali pengine, isiyotegemea kampuni ile ile inayomlipa. Asiye na fedha hiyo, hata akiwa na ujasiri wa simba, atauza siku ambayo hapaswi kuuza.

SOKO HALIPIGI MAKOFI KILA MARA

Wawekezaji wadogo wengi huamini kwamba kampuni ikipunguza watu, hisa zake hupanda. Kwa Meta ilikuwa hivyo. Siku ya tangazo la Novemba 2022 bei ilipanda kwa takriban asilimia 5, na siku ya tangazo la Machi 2023 ikapanda kwa takriban asilimia 7.

Intel, watengenezaji wa vipuri vya kompyuta, walipata kinyume chake. Agosti 1, 2024 kampuni hiyo ilitangaza kupunguza zaidi ya asilimia 15 ya wafanyakazi wake, watu wapatao 15,000. Kesho yake hisa zilianguka kwa asilimia 26, kutoka dola 29 hivi hadi chini ya dola 22.

Tofauti yao haikuwa kwenye idadi ya watu. Meta, pamoja na matatizo yake yote, ilikuwa na faida ya dola bilioni 23 kwa mwaka uliokuwa mbaya. Ilipunguza gharama huku mashine yake ya matangazo ikiendelea kuleta fedha. Intel ilitangaza punguzo hilo siku ile ile iliyotangaza hasara ya dola bilioni 1.6 kwa robo mwaka na kusimamisha gawio kuanzia robo ya mwisho ya 2024, gawio ambalo ilikuwa ikilitoa tangu 1992. Mwekezaji aliyesoma habari ya ajira peke yake hakuona lolote la kumtisha. Aliyesoma mapato na gawio aliona kampuni iliyoishiwa pumzi.

Kwa hiyo, mwenye hisa anapaswa kuuliza maswali matatu kabla ya kununua au kuuza. Kwanza, je, mapato yanakua, yamesimama au yanashuka? Pili, je, kampuni inaendesha shughuli zake kwa fedha inazozalisha yenyewe au kwa mikopo? Tatu, hii ni awamu ya ngapi? Awamu moja inaweza kuwa dawa. Awamu zinazorudi kila mwaka huku mapato yakishuka ni dalili kwamba ugonjwa haujapatikana.

WALIO NJE YA LANGO

Kampuni kubwa inapofunga mkoba, wa kwanza kuhisi si lazima awe mwajiriwa wake. Katika tangazo la Novemba 2022 Meta ilieleza pia kwamba ingepunguza majengo na matumizi yasiyo ya lazima. Mwenye jengo, mpishi, msafirishaji na fundi hawamo kwenye orodha ya waliopunguzwa, lakini biashara zao hupungua pamoja nao.

Nairobi ililiona jambo hili kwa namna yake. Kampuni ya Sama, iliyokuwa na mkataba wa kuwakagulia Facebook maandishi na picha zinazowekwa na watumiaji, ilitangaza Januari 2023 kwamba inaacha kazi hiyo. Wakaguzi wake, wakiwamo watu kutoka nchi mbalimbali za Afrika, walijikuta wakikabiliwa na kupoteza ajira. Kwa kuwa mwajiri wao kimkataba alikuwa Sama, wiki 16 za Zuckerberg hazikuwahusu. Zaidi ya wakaguzi 180 walifungua kesi Nairobi mwaka huo, na Meta ikapinga kushtakiwa Kenya. Septemba 2024 Mahakama ya Rufani ya Kenya ilikataa hoja hiyo.

Mfanyabiashara anayeiuzia kampuni kubwa anashauriwa kujiuliza mapema: ni sehemu gani ya mauzo yake inatoka kwa mteja huyo mmoja, na je, ankara zinalipwa baada ya siku ngapi? Sehemu hiyo ikizidi nusu, naye ni mwajiriwa wa kampuni hiyo, isipokuwa hana kiinua mgongo.

LA KUZINGATIA

Wapo waliodhani kwamba mambo yakitengemaa panga litarudishwa alani moja kwa moja. Mwaka 2024 Meta ilipata faida halisi ya zaidi ya dola bilioni 62. Hata hivyo, Januari 2025 ilitangaza kwamba ingeondoa asilimia 5 ya wafanyakazi, waliotajwa kuwa wenye utendaji wa chini, na barua zikaanza kutolewa Februari 10 mwaka huo.

Faida ya kampuni, basi, si dhamana ya ajira ya mtu, na kupanda kwa hisa si ahadi ya mshahara. Anayelipwa kwa hisa anashauriwa kuuza sehemu kila anapokabidhiwa, na kuiweka fedha hiyo mahali ambapo mwajiri wake hafiki, hadi akiba itoshe matumizi ya miezi sita. Kinachobaki ndicho cha kucheza nacho sokoni. Kazi hiyo hufanywa mwezi ambao hakuna uvumi wowote, kwa sababu siku tangazo linapotoka, bei huwa imekwisha kulisikia.