Asiyetetemeka Tena
Wapendwa, Julai hii ndugu zetu wa Njombe na Makete wanaamka na baridi kali. Mwili hupigania kubaki kwenye nyuzijoto 37 hivi. Mishipa ya mikononi na miguuni hujibana ili damu yenye joto ilinde moyo na ubongo. Kisha misuli hutetemeka, nayo hutoa joto. Lakini joto la mwili likishuka mno, kutetemeka hukoma. Asiyetetemeka tena hajapata nafuu, anakaribia kufa.

Katika Jumuiya zetu wapo watu wa namna hiyo: mjane aliyeacha kulalamika, kijana asiyeuliza tena lolote. Tusidhani wametulia. Mhubiri, sura ya 4, anatukumbusha kwamba joto halipatikani kwa upweke. Leo baada ya Misa, nenda kapige hodi.