SAHANI ZINAZOOZA: ZICHAGUE VEMA, KISHA ZIWE MBOLEA

Mkulima, baada ya harusi, matanga au harambee, wageni wakisha kwenda, tazama uani kwako. Sahani na vikombe vya kutupwa vimetapakaa kila mahali. Vile vya plastiki haviozi. Ng'ombe akivila, tumbo lake haliwezi kuvisaga. Hamu ya chakula humpungua, maziwa hupungua, na mwisho aweza kufa.

Kwa sababu ya madhara ya plastiki, Serikali ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea vitu tarehe 28 Agosti 2017. Tena tangu 5 Juni 2020 hairuhusiwi kuingia na sahani, vikombe wala vijiko vya plastiki vya kutumiwa mara moja katika mbuga za wanyama na misitu ya hifadhi.

Siku hizi ziko sahani za mimea. Ninyi mnaolima miwa upande wa Muhoroni mnayajua makapi. Katika tani 100 za miwa hubaki kama tani 30 za makapi. Viwandani huchomwa ili kuendesha mitambo. Lakini yakisagwa, yakalowekwa, kisha yakakandamizwa ndani ya kalibu ya moto, huwa sahani. Huko India kusini watu huokota majani ya mpopoo yaliyoanguka, huyaosha, na kuikandamiza ile sehemu pana iliyoshika shina. Hawatii gundi.

Lakini jihadhari! Si kila kitu kilichotoka kwenye mmea kitaoza shambani kwako.

1. Kikombe cha karatasi mara nyingi kina utando wa plastiki ndani. Kiloweke majini siku moja, kisha kichane. Ukiona utando mwembamba umebanduka, usikitie katika mbolea.

2. Kikombe kinachong'aa kama kioo, chenye herufi PLA, hutokana na wanga wa mahindi au na miwa. Huoza vizuri katika kiwanda cha mbolea chenye joto la digrii 60 hivi. Katika lundo la nyumbani hukaa muda mrefu sana.

3. Sahani nyingine za makapi hutiwa dawa za kuzuia mafuta ziitwazo PFAS. Dawa hizo haziozi, nazo hubaki udongoni. Hazionekani kwa macho, basi mwulize mwenye duka kabla ya kununua.

Ukipata sahani safi, fanya hivi. Kusanya sahani zote siku ile ile, kabla mifugo haijazifikia. Toa mifupa, kisha zikatekate vipande vidogo. Chagua mahali penye kivuli. Tandika mabua makavu, juu yake vipande vya sahani, majani mabichi, samadi na udongo kidogo. Mwagia maji, urudie tabaka hizo mpaka lundo lifike kimo cha mita moja na nusu. Chomeka kijiti kirefu katikati. Baada ya siku chache kichomoe: kikiwa na joto na unyevu, kazi inaendelea vema, kikiwa kikavu, ongeza maji. Geuza lundo kila baada ya majuma matatu. Baada ya miezi mitatu hivi, mbolea itakuwa nyeusi yenye harufu ya udongo. Itie katika mashimo ya migomba au ya mahindi.

Na kama migomba unayo, kumbuka kwamba jani la mgomba lililooshwa ni sahani pia, wala halina bei.