Hakuna Aspirini ya Ndege

Yeiyo mmoja, yaani mama kwa Kimaasai, kutoka Isinya, mwenye miaka 72, aliingia kliniki hapa Kitengela Alhamisi akiwa na tiketi aliyotumiwa na bintiye aliye Marekani. Anasafiri peke yake, Jumamosi. Nikajua atakaloniuliza kabla hajaketi: "Daktari, nimeze aspirini ngapi damu isigande kwenye ndege?"

Hata moja, yeiyo.

Ni wa nne mwezi huu. Tangu Oktoba 2018, Kenya Airways ilipoanza kuruka moja kwa moja kutoka Nairobi hadi New York, karibu saa 15 angani, kila mzazi anayekwenda kuona wajukuu ana jirani wa kumwelekeza kwenye duka la dawa.

Damu ya msafiri huganda kwenye mishipa ya ndani ya mguu kwa sababu imetuama. Shavu la mguu ndilo pampu inayoirudisha juu, na ukikaa umekunja magoti usiku kucha, pampu hiyo imelala. Aspirini haiiamshi. Kazi yake ni kuzuia chembe za damu zisishikane, na faida yake kubwa iko kwenye mishipa inayopeleka damu kwenye moyo na ubongo. Aliyeandikiwa na daktari kwa ajili ya moyo au kiharusi aendelee nayo, asiikatize. Wewe mwingine unajitafutia vidonda vya tumbo. Yeiyo alifungua leso, ndani yake mlikuwa na aspirini mpya na diklofenaki anayomeza kila siku kwa ajili ya magoti. Dawa hizo mbili kwa pamoja zinaweza kumtoa mzee damu tumboni, na juu ya Atlantiki hakuna pa kumshusha.

Shirika la Afya Duniani lilitoa matokeo ya uchunguzi wake mwaka 2007: kukaa bila kusogea kwa zaidi ya saa 4 safarini huongeza hatari ya damu kuganda karibu mara mbili, lakini inabaki kama mtu 1 kati ya 6,000. Mabasi na magari yamo humo humo. Mbona hakuna anayeniomba aspirini ya basi la Mombasa?

Kinachofaa ni hiki. Omba kiti cha kando ya njia, uinuke mara kwa mara, na ukiwa umeketi inua visigino, kisha vidole. Kunywa maji, usijinyime kwa kuogopa choo, wala usiruke dawa ya presha. Usimeze dawa ya usingizi. Dawa zote, insulini hasa, ziwe kwenye mkoba wa mkononi, kwani insulini ikiganda kwenye mizigo imeharibika. Kiti cha magurudumu kiombwe saa 48 kabla, na bima isomwe: nyingi hazilipii ugonjwa uliokuwa nao. Ukishafika, hata baada ya wiki kadhaa, mguu mmoja ukivimba na kuuma, au pumzi ikikukatika, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Walio na saratani, waliofanyiwa upasuaji karibuni na waliowahi kugandiwa na damu wana mipango yao, pengine sindano au soksi za kubana zilizopimwa mguuni. Hao nawaomba waje wiki 4 kabla ya safari. Siku 2 hazinitoshi.