Ganeti ya Kijani na Tanzanaiti: Vito Viwili vya Asili Moja

Mwanafunzi apandaye Milima ya Upare kutoka mjini Same huweza kuona, katika miamba yenye mistari iitwayo naisi, chembe nyekundu zilizojishikiza ndani ya jiwe. Chembe hizo ni ganeti. Nyingi zina nyufa na hazifai kuwa vito. Hata hivyo ni ndugu wa ganeti ya kijani, yaani tsavoriti, ambayo ni kito cha thamani kubwa. Magharibi ya milima hiyo, ng'ambo ya bonde la mto Pangani, ziko mbuga za Simanjiro. Huko, mwaka 1967, ilipatikana tsavoriti, na mwaka huo huo ikajulikana tanzanaiti, kito cha samawati cha Mererani. Mtu asiyefahamu tabia za vito hivi huweza kukiharibu kimoja kwa kujaribu tu kukitambua. Kwa hiyo yafaa kuvilinganisha.

Vito vyote viwili vimeundwa hasa kwa kalsiamu, alumini, silikoni na oksijeni. Tanzanaiti ina haidrojeni pia. Rangi ya vyote viwili hutokana hasa na vanadiamu kidogo sana, ingawa katika tsavoriti kromiamu nayo huweza kuchangia. Vyote hupatikana katika miamba yenye grafiti, ambayo hapo kale ilikuwa matope meusi chini ya bahari. Matope hayo yalizikwa, yakabanwa na kupata joto kali zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita, katika ukanda mrefu uitwao Mkanda wa Msumbiji. Milima ya Upare ni sehemu ya ukanda huo.

Ikiwa viungo vinakaribiana hivyo, tofauti yatoka wapi? Yatoka katika mpangilio wa atomu. Fuwele ya ganeti imepangwa kwa mfano wa mchemraba: urefu, upana na kina ni sawa. Nuru ipitapo huonyesha rangi ile ile kila upande. Katika tanzanaiti pande hizo tatu si sawa. Kwa hiyo kito kibichi kikigeuzwa mbele ya nuru huonekana samawati, kisha zambarau, kisha wekundu wa kahawia. Tanzanaiti nyingi hupashwa joto ili kuondoa ukahawia, zikabaki na samawati na zambarau. Tsavoriti haihitaji kupashwa joto.

Mpangilio huo huamua pia uimara. Katika kipimo cha Mohs, tsavoriti ina ugumu wa 7 hadi 7.5, na tanzanaiti 6 hadi 7. Vumbi la kawaida lina chembe za kwatzi, ambayo ugumu wake ni 7. Basi tanzanaiti ivaliwayo kila siku hufifia polepole kwa mikwaruzo. Zaidi ya hayo, tanzanaiti ina upande mmoja ambao hupasuka kwa urahisi ikigongwa, na joto la ghafla huweza kuipasua. Ganeti haina upande dhaifu wa namna hiyo. Ndiyo sababu tsavoriti yafaa kwa pete, na tanzanaiti yafaa zaidi kwa hereni na mikufu. Ganeti nyekundu isiyofaa kuwa kito nayo ina kazi: husagwa na kutengenezwa msasa.

Kutambua kito kwa kukikwaruza au kukigonga ni kukiharibu. Njia salama iko katika maabara ya shule. Jiwe safi, lisilo na mwamba ulioshikamana nalo, lipimwe uzito hewani, kisha likiwa limening'inizwa kwa uzi ndani ya maji. Tuseme hewani ni gramu 7.2 na majini ni gramu 5.2. Upungufu ni gramu 2.0, gawanya 7.2 kwa 2.0, jibu ni 3.6, ambalo lakubaliana na tsavoriti. Tanzanaiti hutoa karibu 3.35, na kioo cha kawaida karibu 2.5.

Kwa kipande cha kijani, jaribio hili hutenga ganeti na kioo cha chupa, jambo ambalo macho peke yake hayawezi. Kwa kipande cha samawati, mwanafunzi aanze kwa kukigeuza mbele ya dirisha: rangi isipobadilika kabisa, kuna sababu ya kushuku, na mizani itumike kabla ya fedha kutolewa.