Je, Wajua? Sinema Bubu Zilizotoweka

Je, wajua kwamba Theodore Roosevelt, wiki chache tu baada ya kutoka kwenye urais wa Marekani, alisafiri kwa Reli ya Uganda akiwa ameketi mbele kabisa ya injini? Alishuka melini Kilindini tarehe 21 Aprili 1909. Kesho yake gari la moshi lilivuka Makupa, likaingia bara kupitia Changamwe na kuanza kupanda kwenda Mazeras.

Yeye akiwa huku, William Selig wa Chicago alikuwa anatengeneza sinema ya safari hiyohiyo bila kukanyaga Afrika. Alitafuta mwigizaji anayefanana na Roosevelt, akawavika Wamarekani weusi wa mjini mwake wajifanye wapagazi, na simba mzee akapigwa risasi kweli mbele ya kamera. Watu walifurika kuitazama. Picha halisi, alizopiga Mwingereza Cherry Kearton katika nchi ambayo leo ni Kenya, zilionyeshwa mwaka 1910, na wengi waliziona zimepoa wakizilinganisha na ule uongo. Mimi ningezichagua hizo zilizopoa mara elfu.

Picha za Roosevelt barani Afrika bado zimo katika Maktaba ya Bunge la Marekani. Hiyo ni bahati kubwa. Utafiti wa maktaba hiyo uliotolewa mwaka 2013 ulihesabu karibu sinema bubu ndefu 11,000 za Marekani za miaka ya 1912 hadi 1929. Zilizosalia kamili, kwa umbo lake la awali, ni asilimia 14 tu. Asilimia 70 hivi hazipo kabisa.

Zilikwenda wapi? Utepe wa zamani ulitengenezwa kwa nitrati ya selulosi, ambayo hushika moto upesi na, ikishawaka, hutoa oksijeni yake yenyewe: hata ukiizamisha majini huendelea kuungua. Isipoungua, huoza, na joto lenye unyevu kama letu la Likoni na Kisauni huiozesha haraka zaidi. Nyingine ziliteketezwa kwa makusudi ili kupata madini ya fedha yaliyomo. Sinema zenye sauti zilipoanza kushamiri mwaka 1927, wenye studio waliziona zile bubu kama mzigo wa kujaza ghala. Hapo ndipo panaponiuma, kwa sababu moto ni ajali, lakini huo ulikuwa uamuzi.

Miongoni mwa zilizopotea ni The Great Gatsby ya mwaka 1926, tamthilia ya matajiri na karamu zao, iliyoongozwa na Herbert Brenon. Warner Baxter aliigiza kama Gatsby na Lois Wilson kama Daisy. Riwaya iliyozaa sinema hiyo ilikuwa imetoka mwaka mmoja tu kabla. Mwandishi wake, F. Scott Fitzgerald, na mkewe Zelda walikwenda kuitazama sinema hiyo, wakachukizwa, wakatoka kabla haijaisha. Leo kilichobaki ni tangazo lake la takriban dakika moja.