Kishada Darasani: Kutoka Kazi ya Mikono hadi Elimu ya Uzalishaji

Makala haya yanaeleza namna uundaji wa kishada, kiitwacho pia tiara, unavyoweza kutumiwa kufundishia uhandisi na uzalishaji katika shule za Rwanda na Kenya, nchi ambazo zilianza kutekeleza mitaala ya umilisi mwaka 2016 na 2019 mtawalia. Hoja yetu ni kwamba kishada kimoja hufundisha uhandisi. Uzalishaji huanza pale darasa linapotakiwa kuunda vishada 20 vinavyofanana.

Kihandisi, kishada hukutanisha kani nne: uzito, kani ya kuinua, ukinzani wa hewa na mvutano wa uzi. Mwanafunzi akisogeza fundo la uzi kuelekea ncha ya juu, pembe ya kishada dhidi ya upepo hupungua, naye huona tofauti papo hapo. Jaribio hili si mchezo tu. Mwaka 1899 Wilbur Wright alirusha kishada ili kuchunguza namna ya kuiongoza ndege kwa kupinda mabawa.

Uchaguzi wa malighafi nao ni somo. Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2008, na Kenya mwaka 2017. Anayetumia karatasi badala yake hana budi kupima uzito wake, uimara wake na namna inavyostahimili unyevu. Mhandisi naye huchagua malighafi ndani ya mipaka ya sheria, bei na upatikanaji.

Kwa upande wa uzalishaji, tunapendekeza vipimo maalumu: fito wima sm 60, fito mlalo sm 50, makutano sm 15 kutoka ncha ya juu, na tofauti inayoruhusiwa isizidi mm 2. Kundi moja likate, la pili lifunge, la tatu libandike, la nne likague. Bila kiolezo, makosa madogo ya ukataji hujumlika, na wabandikaji hupokea fremu zisizolingana na karatasi zilizokwisha kukatwa. Hapo ndipo wanafunzi wanapotambua kwa nini kiwanda hukagua kila hatua badala ya kungoja bidhaa ikamilike.

Tatizo kubwa limo katika tathmini. Alama zikitolewa kwa kishada kilichorembwa vizuri, mzazi au fundi aweza kukiunda nyumbani, na umilisi unaopimwa ukawa si wa mwanafunzi. Kwa hiyo tunawashauri watunga sera waelekeze alama kwenye kumbukumbu za kazi: vipimo vilivyochukuliwa, vishada vilivyokataliwa, chanzo cha kasoro na marekebisho yaliyofanywa. Gharama yake ni rula, kisu, uzi na kiolezo cha mbao. Kishada kilichoanguka, sababu yake ikabainishwa na kurekebishwa, kina thamani zaidi kielimu kuliko kilichopaa pasipo yeyote darasani kujua kwa nini.